Bili ya Joto Apelekewe Nani?

Toleo lililopita niliandika hapa kwamba mabadiliko ya tabianchi ni suala la hesabu. Wapo waliochuma, wapo waliounguzwa, na ugomvi mkubwa unaoendelea duniani ni wa nani atalipa. Mimi ni mhasibu kwa kazi na kwa tabia, sijui kulitazama jambo bila kutafuta upande wa mali na upande wa madeni. Barua zilizokuja ni nyingi kuliko kawaida, na baadhi ni kali. Nimechagua tano. Nimezifupisha, makali nimeyaacha.

*Mama Mhasibu, unapanda chuki. Jua haliangalii mfuko wa mtu, na mafuriko yakija yanabeba wote. Kwa nini unaleta matabaka katika jambo ambalo binadamu wote tumo chombo kimoja? — Msomaji wa siku nyingi*

Ndugu yangu, ahsante kwa kunisoma muda wote huo na kwa kusema bila kuzunguka. Naomba twende Chicago, Julai 1995. Joto lilipita nyuzi 40, na kwa siku chache tu watu zaidi ya 700 walikufa. Jua lilikuwa lilelile kwa mji mzima. Lakini walioandamwa zaidi na kifo walikuwa wazee maskini, waliokuwa wakiishi peke yao, wagonjwa, wasio na kiyoyozi, wengine katika vyumba vya ghorofa za juu vinavyopokea joto la paa. Wapo waliokuwa wamefunga madirisha kwa kuogopa wezi. Miaka kumi baadaye, kimbunga Katrina kilipoikaribia New Orleans mwaka 2005, amri ilitoka kwamba watu wahame mji. Amri ilikuwa nzuri kwa mwenye gari na pesa ya kulala kwingine. Asiye navyo alibaki, na wengi waliobaki walikuwa maskini na weusi.

Umetaja chombo, nami nakubali kwamba ni kimoja. Lakini chombo kina shetri, sehemu ya juu kule nyuma, na kina ngama, sehemu ya chini kabisa, na maji huanza kuingia ngamani. Aliye shetrini anaweza kukaa muda mrefu akiamini kwamba safari ni salama.

Huo ni upande wa kuumia. Upande wa kuchafua ndio hunikosesha usingizi. Hesabu za shirika la Oxfam na Taasisi ya Mazingira ya Stockholm zinaonyesha kwamba mwaka 2019 asilimia 10 ya watu matajiri zaidi duniani walitoa nusu ya hewa ukaa yote, hewa inayoipasha dunia joto. Nusu ya binadamu walio maskini zaidi walitoa kama asilimia 8. Asilimia 1 ya juu kabisa peke yao walitoa 16, yaani mara mbili ya nusu yote ya wanadamu. Kusema hivyo si kupanda chuki. Mkaguzi anayesoma daftari kwa sauti hajamchukia mtu.

*Shikamoo mama. Nilijipimia unyayo wangu wa kaboni, yaani hewa ukaa ninayosababisha mimi, kwenye intaneti nikaambiwa nimezidi kiasi. Tangu siku hiyo kila nikiwasha kitu nasikia hatia. Nifanye nini zaidi? — Mwanafunzi wa chuo*

Marahaba mwanangu. Barua yako imenigusa, kwa sababu nimeona vijana wengi wema wakibebeshwa mzigo huo, na waliowabebesha hawaonekani.

Wazo la kupima unyayo lilitoka kwa wanazuoni, lakini aliyelifikisha kwa watu wa kawaida kwa matangazo makubwa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ni BP, kampuni ya mafuta. Fikiria maana yake. Anayechimba na kuuza anamkabidhi mnunuzi kikokotoo ili mnunuzi ajichunguze. Weka jambo hilo karibu na hili: mwaka 1977 James Black, mwanasayansi wa Exxon, kampuni nyingine ya mafuta, aliwaeleza wakuu wa kampuni yake kwamba kuchoma mafuta na makaa kunabadilisha hewa ya dunia na kutapandisha joto. Walijua. Kwa miaka mingi iliyofuata kampuni hiyo ilitumia fedha kuwatia watu shaka juu ya jambo ambalo wataalamu wake wenyewe walikuwa wamelieleza vizuri. Na mtafiti Richard Heede, alipofuatilia mafuta, gesi, makaa na saruji vilivyozalishwa tangu karne ya 18 hadi 2010, alikuta kwamba karibu theluthi mbili ya hewa ukaa na methani iliyotoka viwandani inarudi kwa wazalishaji 90 tu, zikiwemo kampuni za watu binafsi na za serikali.

Zima taa usiyoitumia, ni adabu njema. Lakini hatia yako haina faida kwa mtu yeyote. Wewe hukuamua umeme wa kwenu utoke kwenye makaa au kwenye upepo. Hukuamua mji ujengwe kwa ajili ya magari badala ya mabasi. Hayo huamuliwa kwenye vikao vya bodi, kwenye wizara na kwenye benki zinazotoa mikopo ya kuchimba. Kama unataka kitu cha kufanya, uliza chuo chako kimewekeza wapi akiba yake na mfuko wake wa pensheni. Uliza kwa maandishi, mkiwa wengi, na mdai jibu la maandishi. Nimekaa upande wa pili wa barua za namna hiyo, nakuhakikishia zinasomwa.

*Dada, mimi ni dereva wa lori. Nasikia wataalamu wanataka mafuta yapandishwe kodi ili tupunguze kuchoma. Mafuta yakipanda mimi napunguza mlo wa watoto, siyo safari. Nikipinga naambiwa sijali mazingira. Unasemaje? — Dereva*

Kaka, unajali, na hesabu yako ni sahihi. Hili nitalichukulia muda.

Nilipoanza kazi, kampuni moja niliyoitumikia ilipata hasara miaka miwili mfululizo. Wakubwa waliamua kubana matumizi. Mimi ndiye niliyeagizwa kuandaa karatasi. Iliondolewa posho ya usafiri ya wafagizi, walinzi na makarani wa chini, jumla watu zaidi ya arobaini. Magari ya wakurugenzi, pamoja na mafuta yake, yalibaki kwenye ukurasa uleule, mistari minne chini. Gari moja la mkurugenzi kwa mwezi lilikuwa linakula kuliko posho ya wafagizi wote. Niliona, nikajumlisha, nikapeleka kwa saini. Sikusema neno. Wafagizi walianza kuja kazini kwa miguu, wengine wakiondoka nyumbani usiku, na mmoja wao, mama mtu mzima, alikuwa akinisalimia kila asubuhi bila kujua ni kalamu ya nani iliyofanya kazi hiyo. Kampuni iliitwa yetu sote siku ya kutangaza hasara tu. Siku za faida ilikuwa na wenyewe.

Nimeisimulia kwa sababu kodi ya mafuta ikipangwa vibaya ni karatasi ileile niliyoiandaa mimi. Tuseme nyumba moja inatumia sehemu ya tano ya kipato chake kwa mafuta na nauli, na nyumba nyingine, yenye magari matatu, inatumia sehemu ya hamsini. Pandisha bei kwa kiwango kimoja: ya kwanza inayumba, ya pili haihisi. Na yule anayepanda ndege kila wiki huenda asiguswe kabisa, maana mafuta ya ndege za safari za kimataifa kwa kawaida hayatozwi kodi.

Ufaransa walijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwanzoni mwa 2018 serikali iliiondoa kodi ya utajiri iliyokuwa ikigusa mali za aina zote, ikabakiza kodi ya majengo na ardhi tu. Mwaka huohuo ikawa inapandisha kodi ya mafuta kwa jina la tabianchi, na nyongeza nyingine ilipangwa Januari 2019. Tarehe 17 Novemba 2018 watu wa vitongoji na miji midogo, ambako hakuna treni wala basi la kutegemea, walivaa vizibao vya njano vya barabarani wakafunga njia. Desemba nyongeza ikafutwa. Wapo walioandika kwamba wananchi wamekataa kuokoa dunia. Mimi niliona watu wanaojua kusoma mizania, ile karatasi ya mali na madeni: tajiri amepunguziwa na maskini ameongezewa, ndani ya mwaka mmoja. Ekwado nayo, Oktoba 2019, serikali iliondoa ruzuku ya petroli na dizeli kwa mpigo, katika mpango wake na Shirika la Fedha la Kimataifa. Bei ya dizeli ilipanda zaidi ya mara mbili. Wenyeji wa asili walishuka kutoka milimani, mji mkuu ukasimama, na baada ya siku kama kumi na moja amri ikaondolewa.

Sasa usinielewe vibaya. Siitetei ruzuku ya mafuta. Kwa hesabu, ruzuku ya mafuta humfaidisha zaidi anayechoma zaidi, na kwa kawaida huyo si maskini. Wala sisemi mafuta yabaki rahisi milele. Ninachosema ni kwamba pesa ikikusanywa lazima ionekane inakokwenda. British Columbia, jimbo la Kanada, lilianza kodi ya kaboni Julai 2008 kwa dola 10 za Kanada kwa kila tani ya hewa ukaa, likarudisha makusanyo kwa kupunguza kodi nyingine na kuwapa nafuu wenye kipato cha chini. Baadaye, kuanzia 2019, serikali kuu ya Kanada ilirudisha sehemu kubwa ya makusanyo moja kwa moja kwa familia, na familia nyingi za kipato cha chini zilikuwa zikipokea kuliko zilivyotozwa.

Lakini nikuambie na lililonishinda. Hata mpango huo ulianguka. Aprili 2025 tozo ya watumiaji iliondolewa. Kodi ilionekana kila mtu alipojaza tangi, na marejesho yaliingia kimya benki mara nne kwa mwaka, wengine wasijue hata ni ya nini. Niliwahi kuamini kwamba hesabu ikiwa ya haki inatosha. Haitoshi. Kwanza watu wapewe basi, treni, gari la umeme la mkopo nafuu, njia nyingine ya kufanya kazi yao; kodi ije baadaye, na ianzie juu. Ndege za watu binafsi, boti za anasa, faida ya ziada ya kampuni za mafuta, utajiri mkubwa. Serikali ikianza kwako wewe dereva kabla ya kugusa hivyo, pinga, na usikubali mtu akuite adui wa mazingira.

*Mwandishi, nchi zilizoendelea ndizo zilizochafua. Sisi wa nchi maskini tunapaswa kudai fidia tu, mambo ya matabaka ya ndani ni kutugawa. — Mwalimu*

Mwalimu, sehemu ya kwanza ya barua yako naitia saini. Afrika yote inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Mkataba wa tabianchi wa mwaka 1992 uliofunguliwa Rio de Janeiro ulikubali wazi kwamba wajibu ni wa wote lakini haulingani. Dawa ya deni ni kulipa, na wadaiwa hawa wanajivuta. Kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen mwaka 2009 waliahidi kuzipa nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, jumuiya ya nchi hizohizo tajiri, kiasi hicho kilifikiwa mara ya kwanza 2022. Na zaidi ya nusu ya fedha za umma zilizohesabiwa humo zilikuwa mikopo. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zilizoumizwa na tabianchi, ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, ukaanza Dubai mwaka uliofuata kwa ahadi zisizofika dola bilioni 1. Mafuriko ya Pakistan ya 2022, nchi moja, msimu mmoja, yaliwagusa watu milioni 33 na kuleta hasara ya zaidi ya dola bilioni 30.

Lililoniuma kuliko yote ni Msumbiji. Machi 2019 kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, watu zaidi ya 600 wakafa nchini humo. Mwezi uliofuata Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha dola milioni 118 za dharura. Hazikuwa na riba, lakini zilikuwa mkopo. Nchi iliyochangia takriban si chochote katika joto hili ilibomolewa, kisha ikaandikwa deni kwa ajili ya kujijenga. Katika vitabu vyangu, deni kama hilo limeandikwa kwa asiyehusika.

Sehemu ya pili ya barua yako ndiyo siwezi kuikubali. Uchambuzi wa mchumi Lucas Chancel na wenzake unaonyesha kwamba mwaka 1990 sehemu kubwa ya tofauti ya uchafuzi kati ya mtu na mtu ilielezwa na nchi anayoishi. Kufikia 2019 karibu theluthi mbili ya tofauti hiyo iko ndani ya nchi. Kwa hiyo tajiri wa nchi maskini anayeishi kama tajiri wa nchi tajiri asijihifadhi nyuma ya mkulima kila mkutano wa tabianchi unapofika. Akidai fidia kwa jina la mkulima, tumuulize fedha zikifika zitamfikia mkulima kwa njia gani, na daftari litakuwa wazi kwa nani. Hilo haligawi watu, Mwalimu. Walikwisha gawanyika pale mmoja alipoweza kununua jenereta na mwingine akashindwa kununua dawa.

*Ndugu Mhasibu, mimi ni mchimbaji wa makaa ya mawe miaka kumi na tisa. Mgodi unasemekana utafungwa kwa sababu ya mazingira. Chama chetu kimeitwa mezani mwezi ujao. Sina ujuzi mwingine. Mapafu yangu nayo si mazima. Tuombe nini? — Mchimbaji*

Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara nyingi. Makaa lazima yaishe, sitakudanganya. Lakini namna ya kuisha zipo zaidi ya moja.

Uingereza, Machi 1984, wachimbaji waligoma kupinga kufungwa kwa migodi. Waligoma mwaka mzima, wakashindwa Machi 1985, na migodi ikafungwa mmoja baada ya mwingine hadi wa mwisho wa chini sana ardhini, Kellingley, Desemba 2015. Sababu wakati ule haikuwa tabianchi, lakini vijiji vilivyoachwa bila kazi vinasikia athari yake hadi leo. Ujerumani, bonde la Ruhr, mwaka 2007 ilikubaliwa kwamba uchimbaji wa makaa magumu utakoma 2018. Miaka kumi na moja ya notisi. Wazee walistaafu mapema kwa malipo, vijana wakahamishwa na kufundishwa kazi nyingine, na mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulipofungwa tarehe 21 Desemba 2018, wachimbaji waliotupwa barabarani walikuwa wachache sana.

Haikuwa huruma ya wenye migodi. Sheria ya 1951 iliwapa wafanyakazi wa makaa na chuma nusu ya viti katika bodi za usimamizi, na chama chao kilikuwa na nguvu ya kusema hapana. Wala si kwamba kila kitu kilikwenda sawa: Gelsenkirchen, mji wa makaa wa bonde hilohilo, bado ni kati ya miji yenye ukosefu mkubwa wa ajira Ujerumani. Walilinda watu waliokuwa kazini. Watoto wao hawakuandaliwa vya kutosha.

Kiongozi wa wafanyakazi wa mafuta na kemikali wa Marekani, Tony Mazzocchi, aliwahi kuona kwamba nchi yake ina mfuko wa kusafisha udongo uliotiwa sumu na viwanda, akauliza kwa nini udongo uwe na mfuko na mfanyakazi asiwe nao. Kutokana na madai ya watu kama yeye ndipo likaja neno mpito wa haki, yaani kuachana na makaa na mafuta bila kumtupa mfanyakazi, ambalo mwaka 2015 liliingia hadi katika dibaji ya Mkataba wa Paris wa tabianchi. Mwajiri atalitumia neno hilo mezani, hakika. Mwache alitumie, kisha muulize tarehe na kiasi.

Yaandikwe katika mkataba wa hali bora, siyo katika barua ya nia njema: tarehe ya kufunga na ratiba ya kila hatua, mshahara utakaolipwa wakati wa mafunzo, na kwa miezi mingapi, umri wa kustaafu mapema na pensheni kamili. Matibabu ya mapafu, kwako na kwa waliostaafu kabla yako, yawe na mfuko wake uliokwisha wekwa fedha, ukiwa mbali na hesabu za kampuni, ili kampuni ikijitangaza imefilisika mfuko usiende nayo. Hili msilikubali kwa ahadi. Nimeona ahadi za namna hiyo zikiyeyuka kwa saini moja ya mfilisi. Ardhi ya mgodi irekebishwe na wachimbaji wenyewe kwa malipo; ni kazi ya miaka, na nyinyi mnaijua ardhi hiyo kuliko mkandarasi yeyote. Na mdai kuonyeshwa mizania ya miaka mitano iliyopita kabla ya kukaa. Gawio walilolipana wenye hisa katika miaka hiyo litawaambia kama kweli hakuna pesa.

Wakiwapa mizania, nitumie nakala kupitia mhariri kabla ya mwezi kwisha, pamoja na rasimu yao ya makubaliano. Nitazisoma mstari kwa mstari na kukurudishia maelezo kabla hamjaingia mezani. Sitadai malipo.